Kashata Zilizotoka Chini ya Kawa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, na asifiwe na wale wanaopenda kukaa karibu na mlango, kama nilivyokuwa mimi.

Mama mchungaji ameniomba niuandike ushuhuda wangu, kwa sababu Jumapili ile niliutoa mbiombio, nusu nikaisahau. Mimi niliishia darasa la saba. Lakini nina tabia ya kuandika kidogo kila siku nikishaosha vyombo: nani alikuja, mvua ilinyesha au haikunyesha, nimemsema nani vibaya bila sababu. Kwa hiyo kuandika kwenyewe siogopi sana. Ninachoogopa ni kutia chumvi. Mkiona mahali nimezidisha, nirudisheni.

Wengi mnanifahamu, mimi ni Mama Neema wa hapahapa Somanga. Kazi yangu ni kashata za ufuta. Ninazipika pamoja na wifi yangu Salome, mdogo wake Baba Neema. Mimi nakaanga ufuta na kuyeyusha sukari, yeye anamwaga kwenye sinia, anasukuma kwa chupa, anakata haraka kabla haijashika. Mkono wake katika kukata sijauona kwa mtu mwingine. Nikikata mimi, zinatoka kama ramani ya mkoa.

Miaka yote tuliuza barabarani. Mabasi ya Dar na ya Lindi yalikuwa yanasimama hapa, abiria wanashuka kuchimba dawa, na sisi tunapita madirishani na masinia. Hatukuwa matajiri, lakini jioni tulirudi na masinia matupu. Basi, ndugu zangu, ikafika wakati mabasi makubwa yakaanza kuchimba dawa mbele zaidi, kwenye kituo kipya cha mafuta chenye vyoo vya vigae na hoteli ya chipsi. Hapa kwetu wakawa wanapakia abiria na kuondoka. Siwalaumu madereva. Vile vyoo nimeviona, hata ningekuwa mimi ningesimama kule.

Masinia yakaanza kurudi na kashata. Tukapunguza kupika. Tukapunguza tena. Siku moja Salome akaniambia wakati tunasafisha sufuria:

"Wifi, binti wa mama mdogo ameniita Dar. Kuna mgahawa wanataka mtu wa jikoni."

"Na hapa?"

"Hapa tunapika ili tule wenyewe. Nitakaa mpaka ufuta mpya uingie. Kama hali ni hii hii, nakwenda."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na haki yake. Lakini mimi nilijua Salome akipanda basi, kashata zimekwisha. Mimi peke yangu siwezi kukimbizana na sukari inayoganda. Na mbali na kashata, ni wifi yangu. Tangu nimeolewa hapa nikitokea Umwerani, sijui kusonga ugali wala kuvuta kamba ya kisima, yeye ndiye aliyenichekea mpaka nikajifunza.

Ni huyo huyo Salome aliyesema tujaribu kuuza kwa simu. Baba Neema alikuwa amenunua simu ya kugusa, akaniachia mimi. Tukafungua ukurasa, tukajiunga kwenye makundi, nikaanza na kuweka picha kwenye stetasi. Na hapa, ndugu zangu, ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu kifungo changu kilikuwa hapa na sikukijua kama ni kifungo.

Mimi nililelewa na bibi mzaa mama. Bibi alinifundisha kwamba chakula hakiachwi wazi kikatazamwa na kila mpita njia, na jambo unalotaka kulifanya halitajwi mpaka liwe limekwisha. Jicho la mtu linaharibu. Ukisema utapanda ekari mbili, nguruwe pori wanakusikia. Hivyo ndivyo nilivyokua. Niliokoka, nikabatizwa, nikaacha mengi, lakini hili lilibaki ndani yangu kama mwiba uliovunjikia unyayoni, na mimi naliita usafi.

Basi nilipopiga picha za kashata, nilizifunika. Jirani yetu Bi Somoe anasuka makawa ya kufunikia chakula, mazuri ajabu, ya ukili mwekundu na wa zambarau. Nililiweka kawa juu ya sinia, nikapiga picha, nikaandika: Mzigo mpya umeingia, karibuni wateja. Kashata sikuzitaja. Bei sikuweka. Mahali tulipo sikuweka. Nilijiambia mwenye kuhitaji ataniuliza kwa siri.

Salome akaitazama ile picha.

"Wifi, mbona umefunika?"

"Usafi."

"Kwani picha inaingia nzi?"

Nikamwambia anyamaze, ajifunze mambo ya heshima. Nikaendelea kuweka picha kila siku, na watu wa kanisani mkanipa vidole gumba na "amina" nyingi sana. Namshukuru kila aliyenipa. Lakini hakuna aliyenunua, kwa sababu ninyi mnajua nyumbani kwangu, mkizitaka mnakuja kuzionja bure.

Halafu siku moja simu ikalia mlio wa ujumbe. Mtu nisiyemjua, dada mmoja wa Dar. Nikamwita Salome kwa furaha. Tukausoma pamoja: "Habari mpendwa. Hilo kawa bei gani?"

Salome alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, niliona haya. Nikampelekea Bi Somoe simu, akauza lile kawa. Wiki ile ile akaja mwingine anataka makawa mawili. Kisha mtu wa hoteli anataka ya ukubwa tofauti tofauti. Bi Somoe akawa anapita uani kwetu asubuhi anauliza, "Mama Neema, leo hujaniwekea picha?" Nilimwekea. Mungu alimbariki Bi Somoe kwa mikono yangu na sijuti, ni jirani mwema na alinipa kawa jipya bure. Lakini masinia yetu yaliendelea kurudi na kashata, na Salome akaanza kufua nguo zake nzuri na kuzikunja.

Na maombi je? Niliomba. Niliomba sana. Lakini mnajua tulivyo hapa kwetu. Alhamisi kwenye maombi, mama mchungaji anapita mstari kwa mstari, anauliza kila mtu mahitaji yake. Na mimi kila Alhamisi jibu langu lilikuwa moja: "Ombi langu Mungu analijua." Wengine walidhani ni unyenyekevu. Hata mimi nilidhani hivyo. Ilikuwa kawa lingine.

Sasa nieleze nilivyotoka. Kugeuka kwangu hakukuanzia kanisani, ndugu zangu, na itakuwa uongo nikisema kulianzia. Kulianzia dukani Kilwa Kivinje, kwa Bwana Akbar, ambaye ni Mwislamu na familia yao wana duka pale tangu enzi za babu zake. Ndiye anayetuuzia sukari. Nilikwenda kuchukua kidogo.

"Shikamoo, Bwana Akbar."

"Marahaba, Mama Neema. Mbona leo kifuko? Zamani ulikuwa unachukua gunia. Umeacha kupika?"

Nikamweleza habari ya mabasi, na kwamba siku hizi nauza kwa simu. Akataka aione hiyo simu. Akavaa miwani.

"Naona kawa."

"Ndiyo."

"Na hii?"

"Kawa."

"Hii nyingine?"

"Hiyo ni kawa lile lile, ila kwa upande wa pili."

"Kumbe unauza makawa."

"Nauza kashata, Bwana Akbar."

"Ziko wapi?"

"Zimo ndani."

Akaiweka simu juu ya meza polepole, kama mtu anayeweka yai. Hakunicheka. Mke wake aliyekuwa anapima mchele ndiye aliyecheka, akaniomba radhi.

"Nikuulize," akasema Bwana Akbar. "Unataka simu hii ikuletee nini?"

"Wateja."

"Wangapi?"

Nikaanza kufungua fundo la hela kwenye kanga.

"Wa wapi? Mpaka lini?"

"Bwana Akbar, hayo si mambo ya kusema."

"Kwa nini?"

"Yakisemwa yanaharibika."

Akatikisa kichwa. "Nakuelewa. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Mtu akitusifu sisi watoto, yeye anatupaka wanja kwenye paji la uso tuonekane wabaya. Lakini dukani humu alitaja kila kitu. Mwezi huu nataka nimalize mafuta ya taa, mwezi ujao nataka wateja wa Tingi waanze kuja kwangu. Alikuwa anamwambia kila mtu, hata anayekuja kununua kiberiti. Bila hivyo utajuaje kama umefika au umepotea?" Kisha akanipimia sukari, akafunga, na wakati ananipa akasema kama anajiuliza mwenyewe: "Na kwa Mungu unasemaje? Unamwambia, nipe, lakini sikwambii nini?"

Nilipanda gari kurudi Somanga na lile neno. Sitaki kusema nilisikia sauti kutoka juu. Nilisikia kondakta anadai nauli. Lakini moyoni kitu kilikuwa kimeguswa, na kilikuwa kinauma. Niliona wazi kwamba namwamini Mungu kuniokoa roho, ila simwamini kunilinda sinia. Niliogopa jicho la jirani kuliko nilivyotegemea jicho lake Yeye. Na kwa kuogopa hivyo, nilikuwa simwombi kitu. Nilikuwa nasimama mlangoni kwake nimeziba mdomo.

Alhamisi ikafika. Mama mchungaji akapita. Nilikuwa nimepanga kusema, halafu nikapanga kutosema, halafu akafika kwenye mstari wetu. Nikasimama. Nikasema: "Naomba wateja kumi. Watu nisiowajua. Waagize kashata zetu kwa simu, kabla ufuta mpya haujaingia. Ili wifi yangu asiondoke."

Ndugu zangu, mlikuwepo. Salome alikuwa pembeni yangu, aliinamisha kichwa. Mama Tabitha akasema kutoka nyuma, "Kumi tu? Mama, si uombe mia?" Watu wakacheka. Mama mchungaji akasema, "Amesema kumi. Tuombe kumi." Na mkaomba. Siwezi kuwasahau.

Nataka niwe mkweli juu ya kesho yake. Kesho yake sukari iliungua. Sufuria nzima, nyeusi, moshi mpaka kwa Bi Somoe. Nikakaa chini. Nikasema moyoni, haya sasa, nimesema mbele za watu, jicho limefika. Nikamwambia Salome, "Umeona? Umeona walivyoniangalia jana?"

"Wifi," akasema, "imeungua kwa sababu ulikuwa unaangalia simu."

Na ilikuwa kweli. Nilikuwa naangalia kama wale kumi wameanza kuja. Hapo ndipo nilipocheka, na nilipocheka ndipo niliposikia ile hofu inaniachia. Mwingine atasema aliwekewa mikono, akaanguka, akainuka mzima, na simkatalii. Mimi niliponea pale, mbele ya sufuria iliyoungua, nikiwa nacheka na wifi yangu. Kama jicho baya lipo au halipo duniani, mimi sijui, waulizeni waliosoma. Ninachojua ni kwamba hofu yake ilinitoka, na haijarudi.

Tukapika upya. Salome akakata. Nikalipeleka sinia nje kwenye jua la asubuhi, wazi, bila kawa, barabarani watu wanapita. Nikavunja kashata moja katikati ili ufuta uonekane. Nikapiga picha. Nikaandika kwamba hizi ni kashata za ufuta wa Tingi, zinapikwa Somanga na Mama Neema na Salome, bei yake ni hii, mzigo unakuja kwa basi na utaupokea kituoni. Bei niliifuta, nikaiandika tena. Nikabonyeza.

Kisha tukakaa na Salome tukapanga, kwa sababu kumi hawaji kwa kutajwa tu midomoni. Tukakubaliana picha mpya iwekwe kila asubuhi, ya kazi yenyewe: ufuta ukiruka kwenye karai, sukari ikigeuka rangi, mkono wa Salome na kisu. Anayeuliza ajibiwe kabla sufuria haijapanda jikoni, tukishamaliza simu ikae ndani, isituunguzie sukari. Na kila anayeagiza tumuulize ametuona wapi. Hilo la mwisho lilikuwa la Salome, na ndilo lililotusaidia kuliko yote. Tuligundua wanaonunua hawatoki kwenye ule ukurasa niliokuwa naupamba kwa maua. Wanatoka kwenye kundi la watu wa kusini wanaoishi Dar, ambao wamekumbuka kashata za kwao. Basi maua nikayaacha, nikawa naongea na watu wa kwetu.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa Lindi. Wa pili, mtakataa kuamini, alikuwa yule yule dada wa Dar aliyenunua kawa. Aliandika: "Kumbe muda wote chini yake kulikuwa na kashata?" Nikamjibu, ndiyo dada, nisamehe. Akaagiza za harusi ya mdogo wake.

Si kwamba yote yalikwenda vizuri. Mama mmoja alipokea unga badala ya kashata, zilikuwa zimesagika kwenye buti la basi, akaniandikia maneno makali mbele za watu wote. Alikuwa na haki. Nilimwomba radhi pale pale alipoandika, bila kufuta, nikampelekea nyingine kwenye ndoo ngumu ya plastiki. Akaja akaandika tena kwamba zimefika nzima. Tangu hapo tunatumia ndoo. Na kulikuwa na mteja wa Mbagala aliyenifurahisha sana, mpaka alipopiga simu nikasikia sauti ya shangazi yangu. Alikuwa ametumia simu ya jirani yake ili kunitia moyo. Nikamtoa kwenye hesabu. Salome akanigombeza kwamba shangazi naye anakula kashata, nikamwambia niliomba nisiowajua.

Ufuta mpya ukaingia Tingi. Wakulima wakaanza kupita na magunia. Nikahesabu. Walikuwa tisa.

Nilihesabu tena, na bado tisa. Nawaambia ukweli, nilitamani kumrudisha shangazi. Lakini nilikuwa nimesimama kanisani nikasema kumi, na Mungu tuliyemwomba anajua kuhesabu. Alhamisi nikasimama tena. Nikasema, "Niliomba kumi. Wamefika tisa. Nimekuja kusema tisa." Nilidhani nitaona aibu. Mama mchungaji akasema, "Basi tunashukuru kwa tisa, na yule mmoja tuendelee kumwombea." Mkapiga makofi na Mama Tabitha akapiga vigelegele, na mimi nikakaa nalia na kucheka.

Lakini kwa Salome nilikuwa bado sijamaliza. Jioni ile nikamwambia, "Wifi, nilisema kumi ili usiondoke. Hawakutimia. Siwezi kukushika kwa tisa. Ukienda, nenda kwa amani, mimi nitakuombea." Aliendelea kufunga ndoo za mzigo wa kesho.

Asubuhi tulisimama barabarani pamoja, ndoo nne za Dar, na begi lake. Basi likaja, likasimama kupakia. Kondakta akafungua buti, akachukua ndoo, akachukua begi pia, akaliweka. Salome akapandisha mguu mmoja ngazini. Mimi nikageuka nitazame upande wa pili.

Nikasikia anamwambia kondakta, "Kaka, hizo ndoo tatu ni za kituoni. Hii moja ni ya binti wa mama mdogo, namba yake hiyo hapo. Mwambie nimemletea kashata, na asiniwekee nafasi tena."

"Na begi?"

"Begi ni nguo zake alizoniazima. Mpe nazo."

Basi likaondoka. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia jana. Akasema, "Wifi, ulikuwa unaniaga vizuri mno, nikaona nikuache umalize." Kisha: "Hao tisa, nusu yao wameshaagiza tena. Nani atawakatia, wewe?" Tukarudi nyumbani kukaanga ufuta.

Namshukuru Mungu aliyeniondolea hofu. Nawashukuru ninyi mliosema amina kwa kitu kidogo kama kashata. Namshukuru Bwana Akbar, na nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu, akasema yeye aliuliza swali tu. Namshukuru Bi Somoe, ambaye sasa nimemfungulia ukurasa wake mwenyewe.

Na wewe, ndugu yangu unayesoma hapa, huenda una jambo lako umelifunika. Inawezekana ni kazi, au ndoa, au mtoto, au duka lisilotembelewa. Mimi si mwalimu, naweza kuwa nimekosea mengi humu. Lakini Alhamisi mama mchungaji akifika kwenye mstari wako, simama. Taja unachotaka, taja ni kiasi gani, taja mpaka lini, na kesho yake uamke ukafanye sehemu yako. Usiseme Mungu anajua. Anajua kweli. Mwambie hata hivyo.